Kilichobaki Mashineni

Novemba 1394, Francesco Datini, mfanyabiashara wa mji wa Prato nchini Italia, aliagiza sufu kutoka kisiwa cha Mallorca. Kondoo walinyolewa Mei ya mwaka uliofuata. Dhoruba zikachelewesha vyombo, magunia 29 yakaondoka kisiwani Septemba, yakapitia pwani ya Hispania hadi Pisa. Sehemu ya sufu ile ilikwenda kwa mteja wa Florence, na robota 18 zikaingia ghala la Datini tarehe 14 Januari 1396. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Sufu ilipigwa, ikachambuliwa, ikapakwa mafuta, ikaoshwa, ikachanwa, kisha ikasambazwa mashambani kwa wanawake 96 walioisokota, kila mmoja kwake. Nyuzi zikarudi na kufumwa. Kitambaa kikakaushwa, kikatiwa rangi ya buluu, kikanyolewa manyoya, kikakandamizwa, kikakunjwa. Mwishoni mwa Julai yalikuwapo majora 6 tayari kwa soko.

Soko halikuwa tayari kwa majora yale. Yalipelekwa Venice, yakarudishwa Mallorca, huko biashara ikawa nzito, na mengine yakasogezwa hadi Valencia na pwani ya Afrika Kaskazini. Ya mwisho yaliuzwa mwaka 1398, miaka mitatu na nusu tangu sufu ilipoagizwa.

Safari hii inajulikana hatua kwa hatua kwa sababu Datini hakutupa karatasi. Mwaka 1870 nyumba yake ya Prato ilitoa barua zipatazo 150,000 pamoja na mamia ya madaftari ya hesabu. Na anayeyasoma madaftari hayo hukutana na swali ambalo kila mwenye kiwanda analijua. Tuseme mshirika wa Datini angebisha hodi Machi 1396 na kuuliza: leo tuna mali kiasi gani? Sufu ilikuwa imekwisha kuwa si sufu, na nguo ilikuwa bado si nguo. Ujira ulikuwa umelipwa, nauli imelipwa, ushuru umelipwa, na hakuna hata pima moja iliyouzwa. Sehemu ya mali ile ilikuwa kwenye mikono ya wanawake wa mashambani. Je, aandike kwamba fedha imepotea, au kwamba ipo, ila imebadilika sura?

Jibu la uhasibu ni kwamba ipo. Fedha iliyotumika kwa uangalifu kutengeneza kitu hubaki kuwa mali ya mwenyewe mpaka siku kitu kile kitakapouzwa. Siku hiyo ndiyo inageuka kuwa gharama, ikalinganishwa na bei iliyopatikana, na tofauti ikaitwa faida au hasara. Kanuni ni nyepesi kuieleza. Ugumu wake uko katika kukadiria ni kiasi gani cha fedha kimekwama ndani ya kitu ambacho bado hakijawa kitu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mahali pazuri pa kuuona ugumu huo ni kiwanda cha kanga. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilijengwa ili pamba iingie mlango mmoja na nguo iliyochapwa itoke mlango mwingine. Ndani yake kulikuwa na usokotaji, ufumaji na uchapaji. Mtu akisimamisha mashine zote kwa ghafla ndani ya kiwanda cha namna hiyo, atakuta pamba iliyochambuliwa nusu, nyuzi kwenye vibiringo, kitambaa kisichong'arishwa, kitambaa kilichopata rangi moja kati ya tatu, na majora yanayosubiri kukatwa doti. Kila hatua ina bidhaa zake ambazo hazijakamilika, na kila moja imekula fedha kwa kiwango tofauti.

Chukua mfano wa idara ya uchapaji peke yake, kwa namba zilizotungwa ili ziwe rahisi kufuata. Mwezi umeanza bila kiporo chochote. Kitambaa cha kutosha doti 10,000 kimeingia, nacho kimegharimu shilingi milioni 60, yaani shilingi 6,000 kwa doti. Rangi, umeme, mvuke na ujira vimekula shilingi milioni 26.4. Mwisho wa mwezi doti 8,000 zimekamilika. Nyingine 2,000 bado ziko mashineni.

Mhasibu mwenye haraka angegawanya gharama yote kwa doti 10,000, lakini angekosea, kwa sababu doti 2,000 zile hazijala rangi na ujira sawa na zile zilizokwisha. Kitambaa ziko nacho chote. Kazi ziko nayo kwa sehemu tu. Msimamizi wa zamu anasema ziko kwenye asilimia 40 ya kazi. Basi kwa upande wa kazi, doti 2,000 zilizofika asilimia 40 zimebeba jasho la doti 800 kamili. Jumla ya jasho la mwezi ni la doti 8,800. Gawanya milioni 26.4 kwa 8,800, unapata shilingi 3,000 kwa doti. Doti iliyokamilika imegharimu shilingi 9,000, na zote 8,000 zimegharimu milioni 72. Zilizobaki mashineni zimebeba milioni 12 za kitambaa na milioni 2.4 za kazi, jumla milioni 14.4. Milioni 72 na milioni 14.4 ni milioni 86.4, kiasi kilekile kilichotumika. Hakuna shilingi iliyopotea njiani.

Sasa tubadilishe neno moja la msimamizi. Badala ya asilimia 40, aseme 80. Jasho la mwezi linakuwa la doti 9,600, gharama ya kazi inashuka hadi shilingi 2,750 kwa doti, na doti 8,000 zilizokamilika zinagharimu milioni 70 badala ya 72. Zilizo mashineni zinapanda kutoka milioni 14.4 hadi milioni 16.4. Kama doti zote zilizokamilika zimeuzwa, faida ya mwezi imeongezeka kwa shilingi milioni 2. Mteja hakuongezeka. Bei haikupanda. Hakuna hata jora moja lililosogea kutoka pale lilipokuwa.

Hapa ndipo penye uzito wa hesabu hii. Namba ya bidhaa zisizokamilika haitoki kwenye risiti wala benki. Inatoka kwenye jicho la mtu aliyesimama kando ya mashine na kusema "hizi zimefika nusu." Risiti ya rangi inaweza kukaguliwa miaka mitano baadaye, lakini hali ya kitambaa usiku wa kufunga hesabu hupotea asubuhi mashine zinapowashwa. Ndiyo maana mkaguzi makini haridhiki kuletewa karatasi ofisini. Anataka awepo kiwandani siku ya kuhesabu stoku, aone majora kwa macho, amuulize fundi wa mashine na siyo meneja pekee, kisha alinganishe na ripoti ya uzalishaji ya siku inayofuata: kama kweli zilikuwa asilimia 80, mbona zimechukua siku nne kumalizika?

Na vishawishi viko viwili, tena vinavutana. Meneja anayelipwa bonasi kwa faida ana sababu ya kutamani asilimia ipande. Mwenye mali anayetaka kodi ndogo ana sababu ya kutamani ishuke. Mamlaka za kodi zinalijua hili. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inahesabu kazi inayoendelea kuwa sehemu ya stoku ya biashara, hivyo anayeipunguza ili kupunguza kodi hachezei daftari lake binafsi. Kuna jambo moja la faraja: kosa la mwezi huu hujilipa mwezi ujao. Milioni 2 zilizoazimwa leo zitaonekana kama gharama kubwa zaidi doti zile zitakapouzwa. Ila anayeazima kila mwezi hulazimika kuazima zaidi mwezi unaofuata ili kuficha deni la mwezi uliopita, na viwanda vilivyoonekana vizima kwenye karatasi vimeanguka kwa njia hiyo.

Ujira wa mchapaji na bei ya rangi ni gharama zinazofuata kazi: doti zikiongezeka, nazo zinaongezeka. Lakini pango la jengo, mshahara wa mlinzi na uchakavu wa mashine havijali kama kiwanda kimechapa doti moja au elfu kumi. Je, navyo vinaingia ndani ya kanga iliyoko mashineni?

Josiah Wedgwood alilikabili swali hili mwaka 1772. Kiwanda chake cha vyombo vya kauri cha Etruria, Uingereza, kilikuwa na miaka mitatu tu tangu kifunguliwe, na jina lake lilikuwa limefika kwenye meza za wafalme. Kisha mwaka huo benki za Uskoti na London zikaanguka moja baada ya nyingine, mikopo ikakauka, na Wedgwood akajikuta ana mauzo makubwa, maghala yaliyojaa, na fedha haba. Akaketi na vitabu vyake. Alichokiona alimwandikia mshirika wake Thomas Bentley: gharama nyingi, kama za kutengeneza vielelezo na kalibu, pango, na ujira wa vijana wa kazi ndogondogo, zinaendelea kwa mwendo uleule, uzalishaji uwe mkubwa au mdogo. Kwa hiyo kila chombo kinabeba mzigo mwepesi vinapotengenezwa vingi, na mzigo mzito vinapotengenezwa vichache. Katika uchunguzi huohuo aligundua pia kwamba karani wake mkuu alikuwa akimwibia.

Ugunduzi wa Wedgwood ulimsaidia kupanga bei. Lakini una upande wa hatari ambao vizazi vya baadaye vimeujua vizuri. Kama pango na uchakavu hugawanywa kwa idadi ya vitu vilivyotengenezwa, basi meneja anaweza kupandisha faida kwa kutengeneza vitu ambavyo hakuna anayevitaka. Kila kitu kipya kinachobaki ghalani au mashineni hubeba kipande cha pango, na kipande hicho huondoka kwenye gharama za mwaka huu. Faida inapanda huku fedha ikiganda ndani ya mali isiyouzika.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2, kinachojulikana kama IAS 2, kimeweka ukuta hapo. Kenya imekuwa ikifuata viwango hivi tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, kwa hiyo ukuta huo unawahusu wahasibu wa Nairobi na Dar es Salaam sawa na wenzao wa London. Kiwango kinaruhusu gharama zisizobadilika ziingie ndani ya bidhaa, lakini kwa kuzigawanya juu ya uwezo wa kawaida wa kiwanda. Kiwanda chenye uwezo wa kawaida wa doti 10,000 kikizalisha 5,000 kwa sababu umeme ulikatika wiki mbili, kila doti inabeba mzigo uleule wa siku zote. Nusu ya pango iliyokosa wa kuibeba inaandikwa hasara mwezi huohuo. Hali kadhalika vitu vilivyoharibika. Vyombo vichache kupasuka kwenye tanuri ni jambo la kila siku, na gharama yake inabebwa na vile vilivyo vizima. Tanuri zima likiharibika kwa uzembe, hasara hiyo hairuhusiwi kujificha ndani ya vyombo vilivyopona.

Huu ni msimamo wa haki, na unastahili kutetewa hata pale unapouma. Umeme uliokatika haukuongeza thamani ya kanga yoyote.

Kuna mali nyingine ambayo nusu yake ina soko lake, na hiyo hubadili mambo. Pale Wazo Hill, kaskazini ya Dar es Salaam, kiwanda cha saruji ya Twiga kimekuwa kikichoma mawe ya chokaa tangu miaka ya 1960. Mawe yanasagwa, yanachanganywa na udongo, yanaingia kwenye tanuri refu linalozunguka, na joto linapofika nyuzi 1,450 hivi yanatoka yakiwa kokoto za kijivu zinazoitwa klinka. Klinka ikisagwa na jasi kidogo ndipo inakuwa saruji. Kwa kiwanda chenye tanuri, klinka ni bidhaa ambayo haijakamilika. Ila klinka inastahimili kukaa na kusafirishwa, na ina wanunuzi. Viko viwanda vya Afrika Mashariki vyenye vinu vya kusaga bila tanuri, vinavyoagiza klinka melini. Kwao ni malighafi. Kwa muuzaji wake wa ng'ambo ni bidhaa kamili. Kokoto ileile ina majina matatu katika vitabu vitatu, na serikali nazo huingia: Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, na mara moja wenye tanuri na wasio na tanuri wakajikuta na gharama tofauti kwa mfuko uleule wa saruji.

Kwa sababu klinka ina bei sokoni, hakuna anayebishana sana kuhusu asilimia ya kazi iliyokwisha. Ubishi unahamia kwenye swali jingine, kwamba ziko tani ngapi. Klinka hukaa kwenye lundo, na lundo haliwekwi kwenye mizani. Mpimaji anapima mzingo na kimo, anakokotoa ujazo, kisha anazidisha kwa uzito wa kila mita ya ujazo. Lundo la umbo la pia lenye nusu kipenyo cha mita 20 na kimo cha mita 12 lina mita za ujazo zipatazo 5,027. Ukichukua kwamba kila mita ina tani 1.35, lundo lina tani 6,786. Ukichukua 1.45, lina tani 7,288. Tofauti ni tani 500 hivi, imetokana na kisehemu cha kumi kimoja tu, na kisehemu hicho hutegemea ukubwa wa kokoto na jinsi lundo lilivyoshindiliwa. Na hapo tumekubali kwamba lundo ni pia kamili, wakati buldoza limelimega upande mmoja asubuhi. Siku hizi droni hupita juu na kupiga picha mamia, kompyuta ikachora umbo halisi la lundo hadi kwenye mabonde yake. Ujazo unakuwa sahihi zaidi. Uzito wa mita moja bado unahitaji mtu achukue sampuli na kuipima kwa mikono.

Wakopeshaji wanaielewa vizuri tofauti kati ya nusu yenye soko na nusu isiyo na soko. Katika mkoa wa Emilia-Romagna, Italia, benki ya Credem imekuwa ikipokea magurudumu ya jibini la Parmigiano Reggiano kama dhamana ya mikopo tangu miaka ya 1950. Jibini hilo sharti likae angalau miezi 12 kabla ya kuitwa kwa jina lake, na mkulima hawezi kungoja fedha muda wote huo. Benki inaliweka kwenye ghala lake yenyewe, inalitunza, na mkopaji akishindwa inaliuza likishaiva. Kungoja ndiyo kazi pekee iliyobaki, na benki inaweza kungoja. Kanga yenye rangi moja kati ya tatu haina bahati hiyo. Kiwanda kikifungwa leo, hakuna mtu Kariakoo atakayelipa shilingi 7,200, gharama iliyokwisha kuingia kwenye kila doti iliyo mashineni, kwa kitambaa chenye maua yasiyo na majani.

Ndiyo sababu kanuni inayotawala bidhaa zote hizi ina sehemu mbili. Ziandikwe kwa gharama iliyokwisha kuingia, au kwa kile kitakachopatikana zikiuzwa baada ya kutoa gharama ya kuzimaliza na kuziuza. Kati ya hizo mbili, ile iliyo ndogo. Turudi kwa zile doti 2,000 zilizofika asilimia 40, na tuseme zilikuwa kanga za kampeni zenye picha ya mgombea. Uchaguzi umepita, mgombea ameshindwa. Zilipangwa kuuzwa kwa faida. Sasa mnunuzi anatoa shilingi 7,500, tena kwa kuzihurumia. Kuzimaliza kunahitaji ile asilimia 60 ya kazi ambayo haijafanyika, shilingi 1,800, na usafiri na udalali shilingi 500. Inabaki shilingi 5,200 kwa doti. Kitabu kinasema zimebeba shilingi 7,200. Tofauti ya shilingi 2,000 inaandikwa hasara leo, kwa doti zote shilingi milioni 4, bila kungoja siku ya kuuza.

Wafanyabiashara wengi hupinga hapo. Wanasema hasara ambayo bado haijatokea isiandikwe. Lakini imekwisha kutokea. Ilitokea kura zilipohesabiwa.

Mwaka 2022 dunia iliona mali ya nusu ikienea viwanjani kwa ukubwa usio wa kawaida. Upungufu wa chipu uliwafanya watengenezaji wa magari wa Marekani waendelee kuunda magari na kuyaegesha yakisubiri kipande kimoja. General Motors ilisema kwamba mwishoni mwa Juni ilikuwa na magari yapatayo 95,000 yaliyokosa baadhi ya vipuri. Ford nayo iliegesha malori mapya kwenye uwanja wa mbio za magari wa Kentucky Speedway. Lori lenye injini, viti, rangi na matairi lilikuwa karibu asilimia 100 kwa hesabu ya jasho, na halikuweza kuuzwa. Fedha yote ilikuwa imeingia, na mapato yakangoja kitu kidogo kuliko ukucha. Mtu angeweza kushtuka kuona faida ya General Motors ikishuka robo hiyo huku mitambo ikifanya kazi. Aliyefuata mtiririko wa fedha, na siyo idadi ya magari yaliyotoka kwenye mstari, hakushtuka.

Lakini ni mahali pachache ambapo mali ya nusu imebeba fedha nyingi na utabiri mwingi kama kwenye ndege ya Boeing 787, ndege hiyohiyo ambayo Kenya Airways iliipokea mara ya kwanza Aprili 2014 na Air Tanzania Julai 2018. Tarehe 8 Julai 2007, pale Everett katika jimbo la Washington, milango ya kiwanda ilifunguliwa na umati ukaona ndege mpya inayong'aa. Ilikuwa ganda. Ndani yake vipande vingi havikuwepo, na sehemu nyingine zilikuwa zimeshikiliwa na vifungio vya muda, kwa kuwa wauza vifungio halisi walikuwa wamezidiwa na oda. Ndege ya kwanza iliruka Desemba 2009. Ya kwanza kukabidhiwa mteja ilitoka Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu baada ya tarehe iliyoahidiwa.

Boeing hutumia njia ya hesabu inayokubalika Marekani ambapo ndege za aina moja huhesabiwa kama mradi mmoja mrefu. Kampuni inakadiria ndege ngapi zitauzwa katika mradi wote, inakadiria jumla ya gharama zake, na kutoka hapo inapata gharama ya wastani. Kila ndege inapokabidhiwa, gharama inayoingia kwenye hesabu ya faida ni ile ya wastani, haidhuru yenyewe iligharimu kiasi gani. Ikiwa, kwa mfano, wastani ni dola milioni 100 na ndege ya kumi imekula milioni 200, ile milioni 100 ya ziada inabaki kwenye stoku, ikisubiri ndege za mbele zitakazokula pungufu ya wastani. Hoja yake ina mantiki. Mafundi hujifunza, na ndege ya mia tano huundwa kwa saa chache sana kuliko ya tano. Si haki kuihukumu kampuni kwa ndege zake za kwanza peke yake.

Tatizo ni kwamba kwa njia hii ndege iliyokwisha kuruka na wateja wake huacha sehemu ya gharama yake nyuma, kwenye akaunti ya bidhaa zisizokamilika. Mwanzoni mwa 2016 kiasi kilichoachwa nyuma na 787 kilikuwa kimepita dola bilioni 28. Hizo hazikuwa mabawa wala injini ambazo mkaguzi angeweza kuzigusa. Zilikuwa ahadi kwamba ndege za baadaye zitakuwa rahisi vya kutosha kuzifidia. Idadi ya ndege zilizotumika kwenye hesabu ilianza na 1,100, ikapandishwa hadi 1,300, baadaye 1,400, na kila idadi inapopanda gharama hupata mabega mengi zaidi ya kuibeba. Februari 2016 habari zikaenea kwamba Tume ya Dhamana ya Marekani ilikuwa ikiuchunguza utaratibu huo. Mshindani wake Airbus, anayefuata viwango vya kimataifa, haruhusiwi kuutumia.

Mwaka 2009 kampuni ilikubali kwamba ndege tatu za kwanza, zilizoundwa kwa majaribio na kufanyiwa marekebisho mengi mno, zisingepata mnunuzi. Dola bilioni 2.5 zikatolewa kwenye stoku na kuandikwa gharama za utafiti. Ndege hizo leo ni maonyesho: moja iko Nagoya, nyingine Tucson, nyingine Seattle. Ndege ya nne na ya tano zilibaki kwenye stoku kama mali ya kuuzwa kwa miaka saba zaidi. Julai 2016 nazo zikahamishwa, na kiasi cha dola bilioni 1.2 kabla ya kodi kikaondoka kwenye faida ya robo moja. Kipimo kilichotumika ni kilekile cha kanga za mgombea aliyeshindwa: je, kuna atakayenunua, kwa bei itakayolipa kazi iliyobaki? Kanga zilijibiwa siku matokeo yalipotangazwa. Ndege mbili zilichukua miaka saba kupata jibu, na katika muda huo wote wasomaji wa taarifa za fedha waliambiwa kwamba zina thamani.

Kisha zikaja kasoro za maungio ya ganda la ndege. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Agosti 2022 Boeing ilikabidhi 787 chache sana, na mwishoni mwa 2021 ndege zipatazo 110 zilikuwa zimeundwa na kuegeshwa, zikisubiri kukaguliwa na kurekebishwa moja moja. Kiwanda kiliendelea kwa mwendo wa chini kabisa. Pango, mishahara na mitambo viliendelea kula fedha kama vilivyokula Etruria. Mara hii hata njia ya wastani haikuruhusu kila kitu kiingizwe ndani ya ndege. Januari 2022 kampuni ilitangaza hasara ya dola bilioni 3.5 kwenye mradi huo, na ikakadiria kwamba gharama zisizo za kawaida, zile za kiwanda kinachofanya kazi chini ya uwezo wake na za kurekebisha kilichokwisha kuundwa, zingefika dola bilioni 2. Hizo ziliandikwa hasara kila robo zilipotokea.

Tarehe 10 Agosti 2022 American Airlines ilipokea 787 ya kwanza baada ya kukwama huko. Siku hiyo gharama yake ilitoka kwenye stoku ikaingia kwenye gharama za mauzo, kwa wastani wa mradi mzima, na ndege nyingine zaidi ya mia moja zilikuwa bado uwanjani zikingoja zamu yao ya kukaguliwa.